Viti Vilivyolowa

Wewe umewahi kuiba sauti ya mtu?

Usinijibu haraka. Sisemi wimbo. Nyimbo huibwa kila siku na dunia inaendelea na shughuli zake. Nasema sauti yenyewe, ile inayotoka kifuani mwa mtu anapomwita mtu wake, ukaitia mfukoni na kuondoka nayo ukipiga mluzi.

Robi Nyamhanga angekujibu papo hapo kwamba hajawahi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha mjini Homa Bay, Mkuria wa Ntimaru, hodari wa kuhariri picha na sauti, na juu ya hayo yote mwadilifu wa kuchosha. Mwaka uliotangulia ndiye aliyesimama darasani na kuonyesha, kwa kompyuta na kwa madaha, jinsi mwenzao Boaz alivyochukua mdundo wa watu akauita wake. Boaz akarudia mwaka. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Robi "Hakimiliki", naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Mradi wa muhula ulikuwa rahisi kuusema. Kila kundi litunge wimbo, lipige video yake, libuni na jalada la albamu. Madam Phanice, mhadhiri wao, aliongeza sharti moja: kila uso na kila sauti iwe na fomu ya ridhaa iliyotiwa sahihi au dole. Kundi la Robi lilikuwa la watu watatu. Elvis, kijana wa Rodi Kopany mwenye maneno mengi na ndevu chache, alitunga wimbo na kuongoza video. Liz, wa Migori mjini, aliimba mbele ya kamera na kuchora jalada. Robi aliunga vipande vyote vikawa kitu kimoja. Wimbo waliuita "Turudi", wa vijana waliotawanyika kutafuta kazi na kusahau njia ya kwao.

Mambo yalianza na kiti.

Jumatatu saa nane mchana, jua likiwa juu ya mabati kana kwamba lina kisasi nayo, Robi aliingia katika maabara ya kompyuta akavuta kiti cha jirani aweke mkoba. Mkono ukarudi umelowa. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimelowa mpaka kwenye sponji, kama kimekaliwa na mtu aliyeoga na nguo zake.

"Nani amejikojolea hapa?" Elvis akauliza. "Mseme tu, sisi ni familia."

"Ni AC inavuja," Liz akasema.

"AC gani? Hapa hata feni ni pambo."

Wakacheka. Robi akanusa vidole vyake. Haukuwa mkojo. Ilikuwa harufu ya kamba ya mtumbwi iliyosahauliwa majini, tope na kutu, na nyuma yake utamu kidogo, utamu wa samaki wa jana.

Jumanne vilikuwa viti vitatu. Jumatano vilikuwa saba, na Elvis hakutania tena, kwa sababu jioni iliyotangulia walivipanga vyote vikiwa vikavu, wakafunga mlango, wakakabidhi ufunguo kwa mlinzi, na asubuhi wakavikuta vimegeuzwa upande mmoja. Vilielekea spika.

Sasa nikwambie alichokijua Robi na wenzake hawakukijua, usije ukasema nimekuficha.

Wiki tatu kabla ya hapo, wimbo ulikuwa mzuri ila kiitikio chake kilikuwa kimelala. Robi akachukua kinasa sauti cha chuo, akashuka ufukweni peke yake saa kumi alasiri kukusanya sauti za injini na maji na kina mama wanaoanika omena. Mbali kidogo na watu akaona kundi limesimama kimya, miguu karibu na maji. Mwanamume mmoja alipakata kitu kirefu kilichofungwa shuka jeupe. Mbele yao mama mzee, khanga kiunoni, aliita kuelekea ziwani. Aliita kwa sauti ya kuvuta, iliyopanda, ikakatika, ikashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Robi alisisimka mwili mzima. Dholuo yake ilikuwa ya sokoni tu, ya kuuliza bei na kusema asante. Akadhani ni watu wa kanisa fulani. Akajibanza nyuma ya mashua iliyopinduliwa kwa matengenezo, akabonyeza kitufe.

Mama yule aliita mara moja tu, kisha kundi zima likageuka na kuondoka bila mtu hata mmoja kutazama nyuma. Ndiyo maana Robi hakumwomba ruhusa. Angewafuata barabarani aseme nini? Hivyo ndivyo alivyojieleza mwenyewe, na kama umewahi kujieleza mwenyewe utajua jinsi mtu anavyojielewa upesi.

Maneno aliyoita yalikuwa matano: "Oduor, bi! Wadhi dala. Bi!" Yaani Oduor, njoo, twende nyumbani, njoo. Robi alimuuliza mpishi wa kantini maana yake, akafurahi. Wimbo wa kurudi nyumbani umepata mama wa kuita! Ila jina lilimkera. Jina la mtu mmoja lilibana wimbo, nao wimbo ulikuwa wa watu wote. Akasogeza kishale, akalikata "Oduor" pale mwanzoni, akakizungusha kilichobaki kirudie mara kumi na sita.

Ikabaki fomu. Mahali pa jina akaandika "Mama Kemuma". Mahali pa dole akachovya dole gumba lake la kushoto kwenye wino, akalikandamiza.

Wino ule haukutoka. Alisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Kila alasiri, saa kumi hivi, ulikuwa mbichi tena.

Alhamisi walibaki wawili maabarani, Robi na Elvis, wakisubiri Liz atoke kuchapisha jalada. Robi alikuwa akisafisha sauti. Kwenye mchoro wake, baada ya kila mwito, panapaswa kuwa na mstari mnyoofu, kimya kitupu cha nusu sekunde. Akaona kinundu. Kidogo, kama mdudu aliyekufa juu ya kioo. Akakifuta. Akacheza tena. Kimerudi, na baada ya mwito wa pili vilikuwa viwili.

"Ni kelele tu," akasema.

"Ongeza tuisikie," Elvis akasema.

Akaongeza. Kwanza ukaja mvumo, kama ule unaousikia ukizamisha masikio kwenye beseni. Kisha kitu kikavuta pumzi, pumzi nzito yenye mapovu, kikasema silabi moja.

"An?"

Robi alisikia mlio tu. Elvis alivua hedifoni taratibu akaziweka mezani, akazitazama kama zinaweza kumfuata.

"Rudisha, kwa spika."

"An?" Sasa ilikuwa sauti nyingine, nyembamba zaidi.

"Hiyo si kelele," Elvis akanong'ona. "Hiyo ni Dholuo. Anauliza, 'Mimi?'" Akageuka. "Robi, huyu mama ulimtoa wapi?"

"Ufukweni. Si nilikwambia?"

"Alikuwa anamwita nani?"

"Sijui. Watoto wake."

"Kulikuwa na watu nyuma yake? Kuna mtu alibeba kitu kirefu, kimefungwa?"

Robi akageuza uso kwenye skrini. Elvis akaelewa.

"Hilo ni yago, Robi. Tunda la yago, lile refu kama gogo. Mtu akizama ziwani asipatikane, watu wake huenda pale alipopotelea, mama yake anamwita kwa jina. Anamwambia twende nyumbani. Aliyezama anawafuata. Halafu linazikwa lile tunda mahali pa mwili, na yeye anapumzika. Mara moja tu. Hairudiwi."

"Na wasipomtaja jina?"

"Wasimtaje vipi? Jina ndilo kila kitu. Bila jina ni kama makanga anayesimama stendi akipiga kelele 'Twende! Twende!' Wangapi watapanda?" Akajaribu kucheka, kicheko kikamkataa. "Hebu nione fomu."

Akaisoma. Akaisoma tena.

"Kemuma ni jina la Kisii. Huyu anaita kama watu wa ziwani kabisa, kama dani, nyanya yangu mimi."

"Labda aliolewa huku, mimi nitajuaje?" Robi akasema kwa ukali. "Mama ametia dole, unataka nimwombe na cheti cha kuzaliwa?"

Elvis akaangalia ile alama ya zambarau, na Robi akaingiza mkono wa kushoto mfukoni. Hapo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini akilini alimwona Boaz kwenye mstari wa mbele akitabasamu, akalisikia darasa zima likisema "Hakimiliki!" kwa pamoja, na mdomo wake ukajifunga wenyewe.

Siku hiyohiyo kule kwenye duka la uchapishaji Liz alikuwa na tatizo lake. Mwenye duka, Mzee Hemed, mtu wa Lamu aliyekaa Homa Bay miaka ishirini bila kukubali kwamba ugali ni chakula cha kila siku, alimwita ndani akamwonyesha nakala tatu za jalada. Picha ilikuwa ya Liz mwenyewe, amesimama ufukweni, mdomo wazi katikati ya ule mwito, kwa maana katika video yeye ndiye aliyefuatisha kwa midomo sauti ya yule mama.

"Mwanangu, karatasi ni kavu, wino ni mkavu," Hemed akasema. "Picha mbona inatota?"

Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye mdomo wa picha, membamba, yakidondoka mezani. Hemed akayagusa akanusa, akasoma kitu kwa sauti ya chini, akafunga duka mapema. Liz alirudi chuoni akikohoa. Ijumaa akaenda nyumbani Migori.

Jumamosi Elvis na Robi wakamfuata. Nyumba ya kina Liz ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya mwalimu wa chekechea, safi, makochi yamefunikwa vitambaa vya kudarizi, na saa saba mchana ilinukia kuku. Mama Liz alikuwa jikoni.

"Karibuni! Karibuni wote, ketini, nakuja!" akapaza sauti.

Wakaketi. Robi akaruka juu. Kochi lilikuwa limelowa. Makochi yote yalikuwa yamelowa, na vitambaa vya kudarizi vimenata juu yake kama ngozi.

Mama Liz akaingia na sahani zimepangwa mkononi, akasimama.

"Wengine wameenda wapi?"

"Wengine gani, mama?" Elvis akauliza.

"Si mmeingia watu tisa? Nimewasikia mkivua viatu pale mlangoni. Nimehesabu ili nijue kiasi cha ugali." Akatazama sahani zake tisa, akatazama mlango. "Mmoja ni mtoto, au sivyo? Nimesikia miguu ya mtoto."

Pale mlangoni palikuwa na jozi mbili tu za viatu. Kuzizunguka, sakafu ilikuwa na maji.

Liz alikuwa chumbani, ameegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali kifua kilijaa. Hospitali walimwambia ana maji kwenye mapafu, wakampa dawa, maji yakaongezeka. Sauti yake ilikuwa na mapovu.

"Wananiuliza," akasema. "Nikifumba macho tu. Mmoja mmoja, kwa zamu, tena kwa adabu, kama watu wa foleni ya hospitali. 'An?' Halafu anayefuata, 'An?' Wananijua kwa sura."

"Unawajibu nini?"

"Nilimwambia mmoja hapana. Akalia, manze. Mtu mzima, analia kama... Sikuweza tena." Akakohoa kwenye kitambaa, kitambaa kikachuruzika. "Nikiwaambia ndiyo, nafikiri itabidi niende nao. Si mimi ndiye niliyewaita? Niko pale kwenye video nawaita."

"Hujamwita mtu," Robi akasema.

"Kwani nani amewaita?"

Elvis alikuwa akimtazama Robi. Mama Liz alikuwa mlangoni na sahani zake tisa, hajaziweka chini bado. Dole la Robi likaanza kutoa wino ndani ya mfuko, ukalowesha suruali, na Robi akasema neno ambalo watu husema wakiwa na kitu kingine cha kusema.

"Pole."

Wakapanda matatu kurudi Homa Bay. Rodi Kopany Elvis alishuka, akasema tu kwamba yeye ana watu wa kuwauliza upande wa ziwani, na kwamba hataki kujua asichoambiwa.

Jumapili Robi aliifuta sauti. Aliifuta kwenye kompyuta, kwenye kinasa sauti, kwenye nakala zote mbili za akiba, akaweka mahali pake sauti ya Elvis akiimba maneno mengine kabisa, kutoka majaribio ya kwanza ya wimbo. Akamwomba Mzee Hemed aje maabarani, naye akaja saa tisa alasiri na chetezo cha ubani na msahafu wake umefungwa kitambaa. Akasimama katikati ya viti, akasoma kwa muda mrefu. Moshi ulipanda, ukafika usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, ukakwepa. Juu ya kila kiti ukapinda na kupita kando, kiti hiki na kile, safu nzima, kama unazunguka mabega.

Hemed akafunga msahafu. Alipozungumza alizungumza kwa upole uliomtisha Robi kuliko ukali.

"Nimesomea majini tangu ujana wangu, mwanangu. Jini ukimsomea hukasirika, hutukana, hupiga madirisha. Hawa wamekaa kitako wanasikiliza. Hawa si majini."

"Ni nini?"

"Ni watu. Wamealikwa, wamekuja, wamekaa, wanangoja mwenyeji. Mimi siwezi kuwafukuza, na hata ningeweza nisingethubutu, itakuwa ni utovu wa adabu." Akafunika chetezo. "Wanatafuta aliyewaita. Akijulikana, ataulizwa amemtaka nani, na wale asiowataka wataambiwa warudi. Asipojulikana watamwandama yule binti, kwa kuwa wao wanaujua uso wake tu." Macho yake yakateremka hadi kwenye mkono wa Robi uliokuwa mfukoni. "Wewe una kidonda hapo?"

"Nimejikata."

"Haya," Hemed akasema. "Jikate polepole."

Jumanne saa tisa alasiri ilikuwa siku ya kuonyesha kazi, darasa zima likiwa maabarani, wanafunzi wamesimama kando ya kuta kwa sababu viti ishirini na vinne vya katikati, sasa vyote vimelowa, havikuwa vya kukaliwa, ingawa mapazia yalikuwa wazi na jua limejaa humo ndani na kila mtu alijidai kwamba ni bomba limepasuka, hata Madam Phanice, aliyekunja mdomo na kusema fundi ameitwa. Liz alikuja na mama yake, amejitanda khanga, midomo ya buluu. Alikuja kwa sababu kazi ni ya nusu ya alama za muhula, na kwa sababu, alimwambia Robi sikioni kwa ile sauti ya mapovu, nyumbani hakukuwa tena na mahali pa kukaa.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Hemed, kofia mkononi, na nyuma yake Elvis akimshika mkono mama mzee mwenye khanga kiunoni. Robi alimjua kabla hajainua uso. Alimjua kwa shingo.

"Madam, samahani," Elvis akasema. "Huyu ni Dani Rael. Mwanawe alizama mwezi wa kwanza. Amekuja kuona kazi yetu."

"Tunaomba ukimya, tuanze," Madam Phanice akasema, naye akabonyeza.

Video ikaanza. Ziwa, anga, Liz akitembea. Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kisha kikaja kiitikio, na badala ya Elvis na maneno yake, ikatoka ile sauti iliyofutwa mara nne, ikapanda, ikakatika, ikateremka ngazi zake, *bi, wadhi dala, bi*, na kwenye skrini mdomo wa Liz ukafunguka sawasawa nayo, na ndani ya ile nusu sekunde ya kimya kila mtu maabarani, aliyejua Dholuo na asiyejua, alisikia kutoka kwenye kiti cha kwanza cha safu ya mbele mtu akivuta pumzi ya maji na kuuliza kwa heshima, "An?" Mwito ukarudi, na kiti cha pili kikauliza, na wa tatu ukarudi, na kikauliza kiti cha tatu kwa sauti ya mwanamke, na cha nne kwa sauti ya mzee, na Madam Phanice alikuwa akivuta waya ukutani, waya umetoka, uko mkononi mwake unaning'inia, na wimbo unaendelea, na harufu ya tope imejaa mpaka watu wanafunika pua kwa mikono, na cha tano, na cha sita, na cha saba kikauliza kwa sauti ya mtoto wa miaka minne hivi aliyekuwa, ungeweza kuisikia wazi, amefurahi sana kwamba hatimaye kuna mtu amekumbuka kumwita.

Mtu akapiga kelele. Skrini ikasimama. Ilisimama kwenye uso wa Liz, mdomo wazi, ile picha ya jalada. Ndipo viti vikaanza kugeuka. Miguu ya chuma ilikwaruza sakafu polepole, bila pupa, ishirini na vinne, vikaigeukia kona aliyosimama Liz wa nyama na damu, naye Liz akafungua mdomo kusema kitu na yakatoka maji, maji ya kijani, yakammwagikia kifuani na miguuni, na hayakukoma.

"Liz!" mama yake akalia. "Mwanangu! Msaidieni!"

Dani Rael peke yake hakuwa na hofu. Alitembea katikati ya viti kama mtu anayepita kwenye matanga, akiinamisha kichwa kulia na kushoto, akafika mbele akageuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, naye alikizungumza polepole ili kila mtu asikie.

"Mimi niliita mtoto yangu. Mara moja. Alikuja, tukazika, amelala. Hii sauti ni yangu, lakini mimi sijaita hawa." Akavionyesha viti, macho yamemjaa machozi, si ya woga. "Hawa pia ni watoto ya watu. Nani ameita hawa?"

Maji tu, yakitoka kwa Liz.

"Ni huyu msichana?" Dani akauliza. "Kama ni yeye, wataenda naye. Si ubaya. Wanataka tu kwenda na mtu."

"Fomu ya ridhaa inasema Mama Kemuma," Madam Phanice akasema, akichukua karatasi mezani, kwa kuwa mtu aliyetishika hushika anachokijua. "Ametia dole. Hii hapa. Huyu Kemuma yuko wapi?"

Kwenye karatasi ile alama ya dole ilikuwa imeanza kuchuruzika, mstari mwembamba wa zambarau ukishuka juu ya maneno. Elvis hakumtazama Robi. Hemed hakumtazama. Boaz, aliyeingia na wenzake wa mwaka wa pili na kusimama ukutani, ndiye aliyemtazama, na hakuwa akitabasamu kama Robi alivyomchora kichwani wiki nzima. Alikuwa kijana tu aliyeogopa, akitaka mtu amsaidie rafiki yake Liz.

Liz akapiga magoti. Kiti cha mtoto kilikuwa kimemsogelea mpaka karibu kabisa.

Robi akatoa mkono mfukoni. Wino ulikuwa umefika kwenye kiwiko.

"Ni mimi," akasema.

Viti vikasimama.

Sauti yake ilikuwa ndogo, akakohoa, akairudia kwa nguvu, kwanza kwa Dani, kisha, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine, kwa viti vyenyewe, ambavyo vilikuwa vimeanza kumgeukia kimoja kimoja.

"Ni mimi. Liz hajamwita mtu. Nilijificha nyuma ya mashua, Dani, nikainasa sauti yako ukimwita mwanao, na sikukuomba. Hakuna Mama Kemuma. Hiyo fomu niliiandika mimi, na hilo dole ni langu, hili hapa, tazameni." Kiti cha kwanza kikavuta pumzi yake ya maji, kikajiandaa kuuliza, naye akakiwahi. "Hapana, si wewe. Wala wewe. Nisameheni, si yeyote kati yenu. Aliitwa Oduor. Aliitwa Oduor peke yake, na mimi nikalikata jina."

Kule kwenye kona maji yakakoma, Liz akavuta pumzi kavu, na nje ya mlango zikasikika nyayo zilizolowa zikielekea ziwani, za mtoto zikiwa za mwisho.